Taa ya Mashine Si Anasa

Apitaye vichochoroni mwa Unguja na Pemba nyakati za magharibi husikia cherehani zikilia na misumeno ya umeme ikivuma majumbani. Kazi nyingi za visiwa vyetu hufanyika barazani na uani, wala si viwandani. Aghalabu fundi huwa na taa moja tu, iliyoning'inia darini nyuma ya kisogo chake. Ainamapo, kivuli chake mwenyewe huangukia pale pale penye sindano au meno ya msumeno.

Matokeo yake ni mishono iliyopinda na vidole vilivyojeruhiwa. Wanaoumia zaidi ni wazee. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga ulipokeao jicho la kijana wa miaka 20. Huenda fundi mkongwe aachaye kazi kwa kudhani macho yamemwisha amepungukiwa na mwanga tu, naye huondoka na ujuzi ambao vijana walikuwa bado hawajaurithi.

Dawa si kuongeza taa darini, bali ni kuisogeza kazini. Taa iliyo umbali wa mita 2 ikisogezwa hadi nusu mita, mwanga ufikao kazini huongezeka mara 16. Balbu ya LED ya wati 5, ikiwashwa saa 8 kila siku, hutumia yuniti 1.2 tu kwa siku 30. Gharama hiyo haimfilisi mtu.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Waya uliofungwa ovyo juu ya mashine inayotetemeka huchubuka na kuweza kuua. Bora ni taa ya volti 12. Taa hiyo huweza pia kutumia betri ya gari, na walioishi Unguja katika giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa faida yake. Aidha, taa duni humetameta mara 100 kwa sekunde, na katika mwanga huo chuma kinachozunguka huweza kuonekana kimesimama. Atakayepeleka mkono kwa kuyaamini macho yake atajuta.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika. Vituo vya mafunzo ya amali viwafundishe vijana kufunga taa hizi kwa usalama, kama wafundishwavyo kunoa patasi. Wasimamizi wa viwango wazikague taa zinazoingia bandarini, ili fundi asiuziwe hatari kwa jina la urahisi. Na wanaotoa mikopo kwa mafundi wahesabu taa kuwa sehemu ya mashine.

Nanyi ndugu mafundi, msingoje waraka. Taa ni rahisi kuliko kidole, na kidole hakiuzwi dukani.