Hakimu Anayehitaji Mashahidi



Miongoni mwa barua tulizozipokea imo moja iliyotufanya tuiweke kando mada tuliyokuwa tumeikusudia. Imetoka kwa mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye mwanawe wa pili anaishi na kufanya kazi katika jimbo la Ohio, Marekani. Kijana huyo ameliona gari la zamani, Pontiac GTO ya mwaka 1969, ya aina iitwayo The Judge, yaani Hakimu. Anataka kulinunua liwe rasilimali: alitunze, kisha aliuze bei itakapopanda. Fedha zake hazikutosha, akamwomba mama yake amwongezee kutoka katika fedha za shamba la minazi lililouzwa Kilifi, fedha ambazo ni haki ya ndugu wote wanne. Muuzaji ametoa muda wa siku kumi. "Mwanangu si mwongo," ameandika mama huyo, "lakini nitajuaje kama anayemuuzia naye si mwongo?"

Huenda wengine wakasema kuwa gari la Marekani halituhusu. Ni kweli kwamba gari hilo halitafika bandarini kwetu, kwani Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, wala, kwa kawaida, lenye usukani wa kushoto. Hata hivyo fedha ni za hapa, na amana ni ya hapa. Kwa hivyo tumelichunguza jambo hili, na tunawawekea tuliyoyapata.

Magari haya ya nguvu, ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, yalishamiri katika miaka ya 1960. Siri yake ilikuwa nyepesi: kiwanda kilichukua gari la kadiri, la bei ya vijana, kikalitia injini kubwa iliyokusudiwa magari makubwa. Pontiac walifanya hivyo mwaka 1964, walipolipa gari la LeMans injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, wakaliita GTO. Mwaka huo waliuza 32,450. Hakimu alitangazwa Desemba 1968, akiwa na injini ya lita 6.6 yenye nguvu za farasi 366, bawa la nyuma na michirizi ya rangi ubavuni. Jina lake lilitokana na mzaha uliovuma katika kipindi cha vichekesho cha televisheni. Katika mwaka wa 1969 yalitengenezwa 6,833 tu, na kati ya hayo yenye paa la kukunjwa yalikuwa 108.

Hapo ndipo penye mtego. Hakimu hakuwa gari la namna ya peke yake. Alikuwa GTO ya kawaida iliyoongezewa vifaa kwa malipo zaidi. Bawa laweza kununuliwa leo, stika zachapishwa upya, na rangi hupigwa na fundi yeyote hodari. Sonara hatazami mng'ao wa bangili akasema ni dhahabu. Huisugua juu ya jiwe. Gari hili nalo lina mawe yake ya kupimia, nasi tunayaita mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni namba ya gari. Tangu mwaka 1968 namba hiyo huonekana juu ya dashibodi, upande wa kushoto, nyuma ya kioo cha mbele. Katika miaka hiyo ilikuwa na tarakimu na herufi 13, si 17 kama ilivyo tangu 1981. GTO ya 1969 lazima ianze na 242: tarakimu ya 2 ni Pontiac, na 42 ni GTO. Hufuata 37 kwa paa gumu au 67 kwa paa la kukunjwa, kisha 9 kwa mwaka 1969, herufi ya kiwanda, na namba sita za mfululizo. Ikianza kwa namba nyingine, basi hilo ni LeMans au Tempest lililovishwa nguo za mwenziwe. Lakini shahidi huyu ushahidi wake una mpaka: anathibitisha GTO, wala hajui lolote kuhusu Hakimu. Atazamwe pia alivyofungwa. Riveti zilizochokorwa au kibati kilichopinda ni dalili mbaya, kwa kuwa kubandua namba ya gari kwa nia ya kudanganya ni jinai nchini Marekani.

Shahidi wa pili ni kibati cha bodi, kilichomo chini ya boneti, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Humo mna aina ya bodi, rangi ya kiwandani na tarehe. Maandishi 03B maana yake ni wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Kibati kikisema 10A, bodi ilikamilika mapema Oktoba 1968, kabla Hakimu hajatangazwa. Hapo mwenye gari ana la kueleza.

Shahidi wa tatu ni injini yenyewe. Tangu 1968 namba za mwisho za gari hugongwa pia kwenye chuma cha injini. Zikilingana na za dashibodi, wenyewe husema kuwa namba zimeoana, na thamani hupanda sana. Karibu na hapo mna herufi mbili: kwa Hakimu mwenye injini yake ya kawaida ya 1969, WS ni ya gia za mkono na YZ ni ya gia za otomatiki. Tena iko tarehe ya kusubiwa chuma: A ni Januari, B ni Februari, hata L ambayo ni Desemba. A209 husomwa 20 Januari 1969. Injini hutangulia kuzaliwa, gari likafuata. Bodi ya Machi haiwezi kupewa injini iliyosubiwa Aprili. Na kwa kuwa wako wanaosaga namba za zamani na kugonga mpya, fundi atazame mistari ya mashine ya kiwandani mahali pa namba. Pakiwa pamelainika kama kioo, pana mkono uliopita.

Shahidi wa nne ndiye mzito kuliko wote, naye ni karatasi. Pontiac ilifungwa mwaka 2010, lakini kumbukumbu zake hazikupotea. Taasisi iitwayo Pontiac Historic Services inazo nakala za ankara za kiwanda za magari ya tangu 1961 hadi 1986. Mtu huwapelekea namba ya gari na ada, wakampa nakala ya namna gari lake lilivyoagizwa. Kwa Hakimu, ndani ya ankara hiyo lazima ionekane alama WT1. Isipokuwapo, gari si Hakimu, hata likipakwa rangi ya jua la magharibi.

Baada ya mashahidi hao, bodi ikaguliwe. Sumaku iliyofungwa kitambaa hushika chuma, haishiki pati iliyojazwa juu ya kutu. Ila wasiijaribu kwenye pua ya mbele: GTO nyingi za miaka hiyo zina bampa ya mpira mgumu uitwao Endura, ambao sumaku haitaushika hata gari likiwa halisi. Mwisho, hati ya umiliki itazamwe kama namba yake ni ile ile ya dashibodi, na kama haina deni la benki.

Tulimwandikia mama yetu mambo mawili. La kwanza, asitoe hata arbuni kabla ya karatasi ya kiwanda, nayo aiagize mwanawe mwenyewe, asipokee nakala kutoka mkononi mwa muuzaji. La pili, muda wa siku kumi usimtishe. Bidhaa ya kweli haikimbii uchunguzi.

Wiki iliyopita ametujibu. Namba ilianza na 242. Namba za injini zilioana. Kibati kilisema Februari. Watoto wote walikwisha kufurahi, na ndugu mmoja alikuwa tayari kwenda benki. Kisha ankara ikafika, na WT1 haimo. Gari lilikuwa GTO halisi, zuri, lililotoka kiwandani likiwa na rangi ya kijani na lisilo na bawa. Uhakimu alipewa baadaye. Kijana alipomwonyesha muuzaji, mzee yule alikaa kimya, kisha akasema kuwa naye aliuziwa hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, kwa bei ya Hakimu.

Hatuwezi kujua yaliyo moyoni mwake. Tunajua tu kwamba asingeuliza mnunuzi, aibu ile ingehamia mikononi mwa kijana wetu, naye siku moja angemuuzia mwingine, kwa nia njema kabisa, kitu ambacho sicho. Kuiga gari si kosa. Wako wanaounda nakala na kuziuza kwa jina la nakala, na biashara yao ni halali. Kosa ni kuficha.

Kijana hakununua. Mama ametueleza kwamba fedha za shamba zingali zilipo, na kwamba mwanawe amemwandikia maneno machache tu: "Mama, nisamehe kwa kukuharakisha." Naye amemjibu kuwa hakumharakisha, kwani walisubiri karatasi pamoja.

Wabillahi tawfiq.