Umeme haujui Artikle 15

Vijana wenzetu wa Bukavu, kila nyumba zikiungua Kadutu, Panzi ao Nkafu, jibu ni lile lile: "Ni kursirkwi." Basi. Redio inasema, watu wanachanga nguo na masufuria kwa walioungulia, kesho yake mbao mpya zinapigwa misumari mahali pale pale. Kursirkwi imekuwa kama mvua ya mawe, kitu kimeanguka toka juu, hakina mwenyewe.

Kursirkwi iko na mwenyewe. Kuna mtu aliyefunga ile prizi. Kuna aliyemwita juu anakata bei. Kuna mwenye nyumba aliyekataa kununua kable nzuri. Na kuna Leta ambayo haiulizi kitu mpaka siku ya kuhesabu maiti.

Tuangalie namna prizi inawekwaga kwetu. Unahamia nyumba, chumba kina prizi moja, nayo imeshakuwa nyeusi. Unamwambia bayeri. Anakujibu: "Tafuta kijana aitengeneze, tutakata ku feza ya nyumba." Kijana anakuja na pensi, testeri na skochi. Hazimi hata disjonkteri. Anachukua waya ya taa, ile nyembamba ya milimita 1.5, anaivuta mpaka kwenye prizi mpya, anazungusha skochi, anachomeka simu. Simu inachaji. "Imetoka, kaka." Unamlipa, anaenda zake.

Lakini simu kuchaji haionyeshi kitu, inakula umeme kidogo sana. Weka resho ya wati 2000: kwa volti 220 inavuta karibu ampere 9. Kwenye multiprizi hiyo hiyo ongeza pasi ya wati 1000 na kile chuma cha kuchemshia maji kwenye ndoo, wati 1500. Umevuka ampere 20, na prizi ya kawaida imetengenezwa kwa 16. Waya inapata moto ndani ya ukuta, na kuta zetu wengi ni mbao. Hapo ndipo disjonkteri ingekata. Ila walishaitoa zamani, eti "inaruka-ruka sana," wakaweka kubwa zaidi. Kwingine mahali pa fizibule pameunganishwa kipande cha waya tu. Mlinzi amefukuzwa kazi juu alikuwa anapiga kelele.

Na si lazima upakie vitu vingi. Skrubu moja ya prizi ambayo haikukazwa inatosha. Umeme unapita kwa shida, unatoa joto, plastiki inageuka kahawia, chumba kinaanza kunuka. Ile harufu tunasemaga ni ya "prizi ya Chine." Mara nyingi ni ya fundi.

Fundi anayejua kazi unamtambua mapema. Anazima kwanza, halafu anapima na testeri kuhakikisha kweli imezimika. Anakuuliza utachomeka nini, kabla ya kukwambia bei. Kwa prizi anatumia waya ya milimita 2.5, na disjonkteri inayolingana nayo. Viungo anavifunga ndani ya kisanduku chake, havilali wazi juu ya plafo. Anatafuta waya ya ardhi: ule msumari unaotokeza ndani ya prizi si pambo, ni wa kupeleka umeme ardhini kitu kikiharibika. Akiwa fundi kweli, atakushauri pia disjonkteri diferansieli ya miliampere 30, ambayo inakata haraka umeme ukipitia mwili wa mtu. Ni ghali kidogo, sikatai.

Najua tutajibiwa nini. "Nyinyi wenyewe hamna kazi, sasa mnataka kunyang'anya vijana wenzenu mkate?" Nina lisansi ya sosiolojia, sina kazi, na katika promosheni yetu wako wanaofunga prizi asubuhi na kuuza unite jioni. Siwalaumu kwa kujitafutia. Artikle 15 imetulisha sisi wote katika hii inchi. Lakini kuuza unite unajifunza siku moja, na ukikosea unapoteza franka mia tano. Ukikosea prizi ya mama mwenye watoto watano wanaolala chumba kimoja, anayelipa si wewe. Lisansi yangu hainipi haki ya kugusa ile waya.

Tena karatasi peke yake haitoshi. Wako wazee waliojifunza kwa kushika ngazi ya bwana wao miaka kumi, hawana hata breve, na wanawashinda wengi wenye diplomu ya Leta. Na tunajuana na Leta yetu: ukitamka neno "agremani" tu, kesho kuna biro, kuna muhuri, kuna mtu anakata makuta, na anayejua kulipa ndiye anapata karatasi. Hatutaki hiyo. Tunachotaka ni mtihani wa mikono. INPP iko tangu 1964, kazi yake ni kufundisha watu ufundi. Ipewe njia ya kupima mafundi wa umeme wa mji, wale wa shule na wale wa barabarani, kwa bei ambayo kijana wa Kadutu anaweza kulipa. Anayepita, jina lake na namba yake vibandikwe ku biro ya kila kartye. Anayeanguka, afundishwe na arudi.

Tarehe 2 Februari 2022, kable ya umeme ilianguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, watu 26 wakafa. Siku ile inchi yote ililia, wakubwa wakasema. Wanaokufa mmoja mmoja ndani ya vyumba vyao hawapati hata hotuba. SNEL inatuambia kazi yake inaishia kwa konteri. Sheria ya umeme ya 2014 ilifungulia kampuni zingine mlango, ikaleta na chombo cha kusimamia sekta. Lakini toka konteri mpaka prizi ya kitanda chako ni wewe na Mungu.

Kwa bayeri tuseme wazi: prizi ni sehemu ya nyumba, kama bati. Mpangaji asilipie ukuta usio wake. Kabla ya kutoa garanti, omba uonyeshwe disjonkteri, gusa prizi kama zina joto, uliza nani alizifunga. Akikasirika, umeshajua ile nyumba ni ya namna gani.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umechomeka simu kwenye multiprizi iliyochomekwa ku multiprizi ingine: weka mkono juu yake sasa hivi. Ikiwa na moto, toa. Halafu kesho pita ku biro ya kartye yako, uliza orodha ya mafundi wa umeme iko wapi. Wakikujibu haiko, waombe waandike hilo jibu, watie muhuri. Tuletee ile karatasi. Tunazikusanya, kartye kwa kartye, tutazipeleka kwa meya.