Risasi Moja ya Kila Kazi? Kenya Tulishachaguliwa

Kuna ubishi wa Wamarekani ambao umeingia Nairobi bila pasipoti. Ubishi wenyewe ni huu: ukiambiwa uchague bunduki moja tu, yenye risasi ya kipimo kimoja, uitumie kuwinda na uitumie kujilinda, utachukua gani? Huko kwao mtu anaweza kukosana na shemeji yake kwa sababu ya .308 na .30-06. Sasa nasikia vijana wa Kinoo na Kangemi, ambao bunduki pekee waliyowahi kuikaribia ni ya askari wa mlango wa benki, wako na misimamo mikali. Mmoja anasema .308 ndiyo mfalme. Mwingine anaapa kwa AK. Ukiwauliza watawinda nini, wanacheka.

Mimi hata sicheki. Naona ni swali zuri, na naona lilijibiwa hapa kwetu kabla hatujazaliwa. Jibu lenyewe ndilo linaniudhi.

Wacha tuelewane kidogo kwanza. Kaliba ni upana wa risasi. Ikiandikwa .308 ni inchi, ikiandikwa 7.62 ni milimita. Kwa hivyo .308 ya mwindaji wa Texas na 7.62 kwa 51 ya jeshi ni kama pacha. AK nayo ni 7.62, lakini ganda lake lina urefu wa milimita 39, baruti ni kidogo, na kishindo kinapungua. Niliacha chuo mwaka wa pili na wala sikuwa nasomea fizikia, lakini hii ni hesabu ya fomu tatu: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Bastola ya 9mm inatoa kama jouli 500. AK kama 2,000. Ile 7.62 kwa 51, zaidi ya 3,300. Ile .375 ya wawindaji wa ndovu inakaribia 6,000. Hiyo namba ya tatu, 3,300, ishike. Tutairudia.

Sasa, wanaosema hili swali ni la Wazungu wa mbali hawajui historia. Lilijaribiwa hapa. Mwaka wa 1898 Patterson aliwaua wale simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakila wajenzi wa reli, na silaha aliyotegemea zaidi ilikuwa .303, risasi ya kawaida kabisa ya jeshi la Uingereza. Mwaka wa 1909 Roosevelt akashuka Mombasa na lundo la bunduki, yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512. Huyo hakuchagua moja, alibeba duka. Na kulikuwa na Mskoti mmoja, Walter Bell, waliyemwita Karamojo kwa sababu ya kuzunguka Karamoja kule Uganda. Alimaliza ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya swala. Siri yake? Alipasua vichwa vya ndovu akachunguza ubongo umelala wapi, ukimtazama mnyama ukiwa mbele, kando, nyuma. Hakuwa shujaa, alikuwa mfanyabiashara wa pembe. Lakini ukitaka kumnyamazisha msee anayedhani ukubwa wa risasi ndio kila kitu, mpe jina la Bell.

Wengine wote wasio na mkono kama wake walielekea kwa .375, iliyotoka 1912. Mpaka leo Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo, hiyo .375 ndiyo huhesabiwa kiwango cha chini ukienda kwa nyati, simba au ndovu. Basi ukiniuliza mimi, kama ni porini, kwa leseni, risasi moja ya kila mnyama, ni hiyo. Stori ya kuwinda imeisha.

Imeisha kweli, kwa sababu Kenya ilifunga uwindaji Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza kamba zaidi. Simba akiruka ua wa mbuga akaingia Lang'ata, hiyo ni kazi ya KWS, si yako. Na hata wao wakifika bila vifaa sawa, mambo huharibika. Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk alitoka Nairobi National Park akafika Isinya, na askari waliokuwa mbele yake walikuwa na bunduki bila dawa ya usingizi. Walitumia walichokuwa nacho. Simba akafa mbele ya umati na simu zikirekodi. Shikilia hiyo pia: mtu hutumia chombo alichopewa.

Tunabaki na nusu ya pili, kujilinda. Hapa ndipo hesabu ya risasi moja ya kila kazi inapovunjika, na ukuta wa mabati unaelewa haya kuliko mtaalamu yeyote. Risasi ya kuwinda inatakiwa kuzama: ipite ngozi, mfupa, ifike moyoni. Ya kujilinda mtaani inatakiwa isimame kwa yule uliyemlenga. Huwezi kupata zote mbili kwa risasi moja. Piga bunduki ndefu ndani ya ploti ya Kawangware na hujampiga mwizi peke yake. Umempiga mwizi, mabati, godoro la jirani, mabati tena, na mtoto wa mtu anayefanya homuweki. Lavington angalau kuna jiwe na ua mkubwa katikati. Ndiyo maana mwananchi mwenye leseni hapa huwa na bastola, na ndiyo maana sheria yetu ya silaha inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina: ukipatikana nayo bila kibali, unaweza kufungwa maisha.

Najua mtaniletea Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa pale Westlands, na ni kweli kwamba kabla ya vikosi kupangika, raia wenye bastola zao waliingia pamoja na polisi wachache wakatoa watu. Nawavulia kofia. Walikuwa na jouli 500 mkononi dhidi ya 2,000, na wakaingia tu. Lakini simulia stori mpaka mwisho. Baadaye jeshi lilipoingia na kukutana na polisi wa Recce ndani ya jengo lile lile, kamanda wa polisi aliuawa kwa risasi za upande wetu. Hao ni watu waliofunzwa, wenye sare na redio. Sasa ongeza raia arobaini wenye bunduki ndefu kila mmoja akidhani mwenzake ndiye gaidi. Mimi hapo ningelala chini ya kaunta na kuomba.

Haya, turudi kwa jibu nililosema lilishatolewa. Shuka tao, tembea Kenyatta Avenue mpaka kwa wale askari wa shaba waliowekwa 1928 kuwakumbuka waliokufa kwa vita vya Wazungu. Halafu ingia Kimathi Street umwone Kimathi mwenyewe, bunduki mkono wa kulia, jambia mkono wa kushoto. Kutoka sanamu moja hadi nyingine ni dakika chache kwa miguu. Katikati yao kuna historia yote ya kaliba moja. Ile .303 iliyoua simba wa Tsavo ndiyo iliyopigana Tanganyika na Wajerumani, na ndiyo iliyoletwa msituni baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Mnyama, adui, raia: risasi ile ile. Upande wa pili, vijana wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, na kupatikana na silaha au hata risasi tu ilikuwa kitanzi. Kimathi hakunyongwa kwa kuua mtu. Shtaka lilikuwa bastola ya .38 na risasi zake. Wakamnyonga Kamiti, 18 Februari 1957.

Mkoloni akaenda, tabia ikabaki na kipimo kikabadilika. Siku hizi bunduki ndefu utakayoiona sana kwa polisi wetu ni G3, Mjerumani wa miaka ya 1950, kilo nne na zaidi bila risasi. Inapiga ile 7.62 kwa 51. Ile ya jouli 3,300.

Sitaki kuidharau. Kule Baragoi, Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa kwenye bonde la Suguta wakifuata ng'ombe walioibwa. Ukiwa huko, adui yuko juu ya kilima mita 400 na ana AK, unataka kitu kinachofika mbali na kufika kikiwa na nguvu. G3 ilizaliwa kwa kazi hiyo. Na wafugaji wa kaskazini wenyewe wanajua mchezo wa kaliba kuliko sisi wote: wanachagua bunduki kulingana na risasi inayopatikana. Mwaka 2008 Small Arms Survey walichunguza risasi haramu za Turkana Kaskazini wakakuta karibu nusu zimetengenezwa Kenya hii hii, kiwanda cha Eldoret, na zilipitia mikononi mwa polisi, serikali ikitaka Waturkana wajilinde dhidi ya majirani. Hapo ndipo ubishi wenu wa .308 unapata jibu la kikweli. Risasi bora ni ile ambayo mtu wa serikali amekuletea.

Shida yangu inaanza bunduki hiyo hiyo ikipanda lori ikaletwa tao.

Pima barabara kwa macho. Kutoka mlango wa duka mmoja hadi wa ng'ambo, hata Kenyatta Avenue na upana wake wote, si mita mia. Moi Avenue mbele ya Archives watu wamebanana hata siku ya kawaida. Risasi iliyoundwa kumfuata mtu mita 400 haiwezi kuishia kwa kijana aliye mita 30. Inapita, inatafuta mwingine: mama wa njugu, dereva wa mathree, msee aliyekuja tu kuchukua parsel. Juni 2024 tulikuwa huko, wengi wenu mlikuwa huko. Kufikia Julai 1, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu waliokufa 39 nchi nzima kwenye maandamano yale. Niliokota ganda la risasi karibu na City Hall Way nikalishika kiganjani, refu kama kidole cha kati, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa, hii ni ya nini huku?

Halafu mwaka uliofuata, Julai 9, 2025, Rais akiwa kwa polisi wa Kilimani akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, wasiuawe, waende hospitali wakielekea kortini. Watu walibishana kama hiyo ni sheria au ni siasa. Mimi nilikaa nikifikiria kaliba. Mguu gani? Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kuisha kwa dakika chache, kabla ambulensi haijatoka hata Community. Risasi ya bastola ni mbaya. Risasi ya kasi ya bunduki ndefu ikikutana na mfupa wa paja inausaga vipande, na kila kipande kinakuwa kisu. Hakuna kitu kinaitwa kumpiga mtu G3 ya mguu polepole. Na hiyo ni kama ukipata mguu. Mtu anakimbia, miguu ndiyo inayosonga zaidi, umati uko nyuma yake.

Sheria ya polisi ya 2011 iko wazi, soma Jedwali la Sita: bunduki ni ya mwisho, ya kuokoa maisha, baada ya njia nyingine kushindwa, na onyo litolewe. Lakini karao aliyepewa kazi ya kusimama mbele ya vijana elfu mbili na G3 begani ana njia ngapi nyingine mkononi? Simba wa Isinya alikufa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo naona tunapoteza wakati tukiuliza tu nani alifyatua. Ni swali la lazima, lakini kuna lingine la mapema zaidi: nani alifungua stoo asubuhi hiyo akasema bebeni hizi?

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Bunduki ndefu zisije kwenye maandamano ya tao, zikae kwenye gari na kamanda mmoja anayejulikana kwa jina, zitolewe tu kama kuna mtu anayepiga risasi upande wa pili. DusitD2 ikitokea tena, zitoke, hakuna atakayelia. Zinazotoka ziandikwe, namba ya bunduki, jina la aliyesaini, risasi ngapi zimeenda na ngapi zimerudi, na kitabu hicho IPOA wakione siku hiyo hiyo, si baada ya miezi sita wakiambiwa kimepotea.

Na nyinyi wa Kinoo, bado nawadai jibu. Mtawinda nini?