Picha ya Ziwani Si Ndoa

Jua la Uvira hutokea ng'ambo ya ziwa, juu ya milima ya Burundi; jioni huzama mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Kwa hiyo mpiga picha anayejua kazi yake huwaita wachumba alfajiri, maji yanapong'aa na wavuvi wanaporudi na ndagala zao. Kijana avaa suti, binti avaa gauni jeupe. Washikana mikono, ziwa liko nyuma yao, na kazi imekwisha. Kabla ya saa sita mchana picha imekwisha fika Bukavu, Goma, hata Ulaya, kwa njia ya simu.

Hatuna ugomvi na picha. Tanganyika ni kazi ya mikono ya Mungu: urefu wake wapita kilomita 600, na kina chake chafika mita 1,470. Hakuna ziwa jingine katika Afrika lenye kina kama hicho. Anayependa kupigwa picha mbele ya uzuri huo hatendi dhambi yoyote. Ugomvi wetu ni na neno linalosemwa baada ya picha: "Sisi tumekwisha kuoana."

Mmeoana wapi? Mbele ya nani?

Tunajua mambo yanavyokwenda. Binti anatoka kwao usiku na mfuko mmoja. Kesho yake mama yake anaonyeshwa picha katika simu ya jirani, na ndivyo apatavyo habari kwamba ameozesha. Katika miji ya Kongo maisha ya namna hii yana jina la Kilingala, "yaka tofanda", maana yake njoo tukae. Nao wanakaa kweli, mwaka mmoja, miaka miwili. Halafu mtoto anazaliwa, mume anakwenda machimboni kutafuta dhahabu, harudi. Binti anasimama mbele ya wazee wa mume, nao wanamwuliza: "Ni nani aliyekuja kukuposa? Ni nani aliyeona?" Anatoa picha. Wazee wanaitazama, wanasema ni nzuri, wanamrudishia.

Picha yaonyesha kwamba watu wawili walisimama mahali fulani siku fulani. Haionyeshi walichoahidiana.

Wengine watasema, "Hizi ni sheria za mapadri tu." Basi wasikie sababu yake. Zamani katika Ulaya watu waliweza kuoana kwa siri, kwa maneno yao wawili tu. Ikawa mume akichoka anakana, anaoa mwingine mbele ya watu, na yule wa kwanza hana la kusema kwa kuwa hakuna aliyesikia. Kwa ajili ya hiyo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Mpaka leo kanuni ya 1108 yadai padri au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Sheria hii haikutungwa ili kuwasumbua vijana. Ilitungwa ili anayeachwa asibaki peke yake na neno lake.

Wala asidhani mtu kwamba Eklezia iko upande wa wazazi daima. Katika Mtaguso ule ule walikuwako waliotaka ndoa isiyo na ruhusa ya wazazi iwe batili. Walikataliwa. Kanuni ya 1057 yasema wazi kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili, na hakuna mamlaka ya mwanadamu iwezayo kuikamilisha ridhaa hiyo kwa niaba yao. Baba anayemlazimisha binti yake aolewe na tajiri wa soko na asikie hayo. Binti hauzwi. Lakini hata ridhaa iliyo huru haina budi kusemwa kwa sauti, mchana, mbele ya watu.

Na hapo vijana wanatujibu: "Tungependa hivyo, lakini wazazi wake wanataka ng'ombe, mbuzi, dola, suti ya baba mdogo na kitenge cha shangazi. Tutavipata wapi?"

Jibu hili lina haki ndani yake, nasi hatutalikwepa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 maji ya Mulongwe yalishuka kutoka mlimani yakaua watu na kubomoa nyumba maelfu. Ziwa nalo likapanda, na mwaka 2024 liliingia tena katika nyumba za watu wa kando. Ongezeni vita vya miaka mingi. Katika nchi iliyopigwa hivyo, mzazi anayeandika orodha ya mahari kama bei ya duka anamfungulia binti yake mlango wa usiku kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yataka mahari yawe yametolewa angalau sehemu ili ndoa ifungwe. Sehemu! Mzazi anayezuia arusi mpaka faranga ya mwisho adai kuliko sheria yenyewe. Na marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisikitika kwamba wako wanaokaa pamoja bila kufunga ndoa kamwe kwa sababu ya gharama za sherehe.

Lakini ninyi vijana nanyi msitoroke swali. Mwenye fedha ya mpiga picha, ya suti ya kukodi na ya kupamba gari, ana fedha ya mbuzi mmoja. Mbuzi yule, akipelekwa na mjomba mwenye heshima, angefungua mazungumzo. Mmechagua kuonekana na watu wa mbali, mkawakimbia watu wa karibu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi kama ni mapenzi, kwa nini yafichwe kwa wale ambao kesho mtawalilia shida?

Na yule anayemtorosha msichana ambaye hajatimiza miaka 18, huyo hana uchumba. Sheria yakataza ndoa ya mtoto, hata wazazi wakikubali.

Lugha yetu yaweza kutumia neno moja, shahidi, kwa yule anayeona na kwa yule anayekufa kwa ajili ya imani. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, walitangazwa Wenye Heri padri Luigi Carrara, padri Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin na padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Umati mkubwa ulikuja kuwaheshimu, kwa kuwa walikaa na watu wao siku ambayo kukimbia kungekuwa rahisi. Mashahidi wa arusi hawaombwi damu. Wanaombwa jambo dogo la namna ile ile: wasikie ahadi, na wasiikimbie siku itakapokuwa nzito.

Basi tufanye nini? Kijana, mtume mjomba, na mbuzi wako mmoja. Mzazi, pokea kilichopo, kinachobaki kitangoja. Nendeni kwa katekista, mwandikwe. Nendeni na kwenye ofisi ya serikali. Arusi na ifungwe katika Misa ya kawaida ya Dominika, na chakula kiwe wali, maharagwe na mukeke. Mungu hatahesabu sahani.

Baada ya hayo, shukeni ziwani. Msiende karibu na bandari ya Kalundu wala mpaka wa Kavimvira, maana askari hawapendi kamera. Wala msiingie majini kwenye majani, maana mamba na kiboko hawajui arusi. Simameni na wazazi wa pande mbili na mashahidi wenu wawili. Mwambieni mpiga picha arudi nyuma kidogo, mpaka wote waenee. Picha hiyo, siku mtakapoitoa mbele ya wazee, kila mtu ndani yake ataweza kusema: "Nilikuwako, nilisikia."