HASIRA TUNAZOMEZA ZIPIMWE, ZILIPWE

Ndugu wafanyakazi,

Mnajua zile fomu tulizogawiwa, za kupanga kazi zetu upya katika madaraja ya mshahara. Dada mmoja, karani wa dirisha la tikiti, aliijaza ya kwake mbele yangu. Iliuliza: umesoma mpaka darasa gani? Unainua kilo ngapi? Unashika fedha kiasi gani? Unasimamia watu wangapi? Akajibu yote. Alipofika mwisho akaniuliza, "Kaka, na matusi ya jana nitayaandika wapi?" Nikatafuta mahali pake ukurasa kwa ukurasa, sikupaona.

Hiyo jana treni ilichelewa kwa muda wa saa tatu. Si yeye aliyeichelewesha, wala hakuna aliyemwambia sababu. Watu wakajaa dirishani, na mmoja akamtukania mama yake mzazi. Yeye akajibu, "Samahani mzee, tuvumilie kidogo." Angalijibu vingine, angaliandikiwa barua ya onyo kabla jua halijatua. Basi nauliza: ikiwa kunyamaza ni amri ya kazi, na kujibu ni kosa la kazi, kunyamaza huko ni nini kama si kazi?

Nilimwuliza bwana mmoja mkubwa jambo hili, akacheka. Akasema hiyo ni tabia njema tu, na tabia mtu huja nayo kutoka kwao. Ni kweli mimi nilifundishwa uvumilivu shule ya misheni, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya kutusaidia kujifunza. Lakini hakunifundisha kuvumilia saa nane kila siku kwa faida ya mtu mwingine.

Wako watu waliolichungua jambo hili kabla yetu. Mama mmoja wa Marekani, mwalimu wa chuo kikuu, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu yake mwaka 1983. Aliwatazama watumishi wa ndege za kampuni ya Delta, waliokuwa wakifundishwa darasani namna ya kumtabasamia abiria mkali. Akawatazama pia wadai madeni, ambao wao walitakiwa wawe wakali hata wakimhurumia mdeni. Akasema kampuni inauza tabasamu hilo pamoja na safari, kwa hiyo ni kazi yenye mshahara. Tena akatenga namna mbili: kuna anayebadili uso tu huku moyoni anachemka, na kuna anayejilazimisha mpaka moyo wenyewe ugeuke. Baada yake wasomi wengine walitunga maswali ya kupima: ni mara ngapi kwa siku unaficha unavyojisikia, kwa muda gani, na kwa nguvu kiasi gani. Kumbe inapimika.

Wala si habari ya vitabuni tu. Hospitali za serikali ya Uingereza zilianza mwaka 2004 kupanga mishahara kwa alama zisizozidi 1000, zilizogawanywa katika mafungu 16, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa mezani mpango huo ulipotengenezwa. Fungu moja ni juhudi ya moyo. Mtu ambaye kazi yake ni kumwambia mama kwamba mtoto wake hatapona hupewa alama kwa hilo, kadiri linavyomjia mara nyingi na linavyoumiza. Alama zenyewe ni 5 mpaka 25. Mimi nasema ni chache mno, maana elimu peke yake yaweza kupata 240. Lakini angalieni: nguvu za mwili nazo mwisho wake ni 25. Mgongo na moyo vimewekwa sawa.

Watatuambia moyo hauna kilo. Je, madaraka yana kilo? Mkubwa analipwa kwa sababu "anabeba madaraka", na hatujaona mtu akiyaweka madaraka hayo juu ya mizani ya stoo. Waliona vyema kuyapima kwa sababu yalikuwa yao.

Na dreva je? Akimwona mtu amelala juu ya reli hufunga breki zote, lakini treni ya mizigo haisimami kwa kupenda kwake. Baadaye anaandika ripoti: saa, mahali, mwendo. Kisha zamu ikifika anapita pale pale, anaangalia mbele. Fomu inamwuliza anavuta tani ngapi.

Lakini hapa tuwe macho. Mabwana wakisikia neno kupima, watakimbilia kupima nyuso. Watawapa abiria karatasi za kututia alama, na dada yule atanyimwa posho kwa sababu siku aliyotoka mazishini hakucheka vya kutosha. Hicho ni kiboko. Uingereza hawakupima nani anavumilia vizuri. Walipima kazi inamletea mtu nini. Mpole na mwepesi wa hasira wakikaa dirisha moja, alama ni moja.

Tena tazameni ni akina nani wako madirishani: kwa wingi ni akina dada. Na fomu hii inalipa mabega, inasahau moyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Mkataba wa kazi wa dunia namba 100 wa mwaka 1951, ambao Kenya iliukubali mwaka 2001, wasema hivyo kwa wanaume na wanawake. Thamani ya kazi itajulikanaje ikiwa nusu yake haikuandikwa?

Kwa hiyo msirudishe fomu bado. Kila mmoja achukue daftari la shule, na kwa majuma mawili aandike: saa, jambo lililotokea, lilichukua dakika ngapi, na ni amri gani ya kazi iliyomzuia kujibu au kuondoka. Jina la abiria lisiandikwe. Mkabidhi madaftari kwa katibu wa tawi, naye ayapeleke mezani siku ya kuzungumza na mabwana, tudai mstari huo uongezwe. Dada wa dirishani ameshaanza lake. Siku ya kwanza tu alijaza kurasa mbili.

Ni mimi ndugu yenu,
Gadi wa treni