Watu 15,841 wapotelea kwenye faili: Python ingesaidia?

Wadau, kuna watu wakisikia Python wanadhani ni mambo ya maprofesa. Hebu tuangalie kisa hiki cha Uingereza.

Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, watu 15,841 waliokutwa na korona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuja kwenye faili za CSV, yaani maandishi matupu yasiyo na kikomo cha mistari. Public Health England wakayaingiza kwenye Excel ya mtindo wa zamani, XLS, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje, kimya kimya. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, ila waliokuwa nao karibu wakachelewa kutafutwa. Na korona haimsubiri mtu!

Wengi waliicheka Excel. Mimi naona kosa kubwa ni kuunganisha mifumo miwili bila kuhesabu. Python ni ya bure, inasoma CSV mstari kwa mstari, haina kikomo hicho. Lakini ukiandika programu ovyo, nayo itakupotezea data vile vile.

Kwa hiyo wewe unayejifunza hapo kafe, iwe ni data za duka au za zahanati, jiulize: imeingia mistari mingapi, imetoka mingapi? Zikitofautiana, programu isimame na ipige kelele. Hiyo ni kazi ya mistari michache tu ya Python.

Au nimekosea? Mwageni maoni hapo chini.