Mgonjwa Hamezi Wastani

Leo ningependa kuzungumza na walimu wa kemia na hisabati, pamoja na wanafunzi wao, juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hukimeza bila kukitilia shaka: tembe ya dawa. Twaamini kwamba tembe ya kwanza katika chupa ina kipimo sawa na cha ile ya mwisho. Imani hiyo ina msingi gani?

Tuchukue mfano wa digoksini, dawa ya moyo. Tembe moja yaweza kuwa na miligramu 0.25 tu za dawa yenyewe. Ikiwa uzito wa tembe hiyo ni miligramu 100, dawa ni sehemu moja katika 400. Zilizosalia ni wanga, sukari ya maziwa na vitu vingine vya kuishikanisha. Kiwandani, vyote huchanganywa katika pipa kubwa linalozungushwa. Mchanganyiko usipolingana, tembe moja itapungukiwa na dawa na nyingine itazidishiwa. Kwa digoksini, tofauti baina ya kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru ni ndogo mno.

Haiwezekani kupima tembe zote, kwa maana tembe iliyopimwa maabarani huwa imekwisha kusagwa na kuyeyushwa. Ndiposa huchukuliwa sampuli. Mnunuzi wa nafaka hulichoma gunia kwa bambo ili aone mahindi ya ndani yalivyo. Vivyo hivyo, fundi wa kiwandani huingiza katika unga ufito wenye vijumba, akachota juu, katikati, chini na pembeni. Kila sampuli hupimwa peke yake.

Achote kiasi gani? Swali hilo lilifika mahakamani nchini Marekani, katika kesi baina ya serikali na kampuni ya Barr Laboratories. Mwaka wa 1993, Jaji Alfred Wolin aliamua kwamba sampuli ya mchanganyiko isizidi mara tatu ya kipimo cha tembe moja. Sababu ni wazi. Anayechota gramu 30 za unga wa tembe zetu za miligramu 100 amechota unga wa tembe 300. Humo, palipozidi dawa patafidia palipopungua, na jibu litapendeza. Lakini hakuna mgonjwa anayemeza tembe 300 kwa mpigo. Mgonjwa hamezi wastani. Humeza tembe moja.

Jaji huyo alikataa pia desturi ya kurudia vipimo mpaka jibu zuri lipatikane, huku lile baya likitupwa bila kuchunguzwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa anayeifikia tamati yake ni mgonjwa.

Hata hivyo, sampuli ya unga pekee haitoshi. Ufito wenyewe huuvuruga unga unapopenya, na unga uliochanganyika vyema huweza kutengana tena unapomiminwa kuelekea kwenye mashine ya kufyatulia tembe. Kwa hiyo tembe nazo hupimwa. Kanuni za dawa zinazofuatwa Marekani, Ulaya na Japani huanza na tembe 10, kila moja ikipimwa peke yake. Zisiporidhisha, huongezwa 20. Kinachoamua ni wastani pamoja na mtawanyiko.

Nionavyo, hapa ndipo shule zetu zinapohusika. Mara nyingi mwanafunzi hutafuta wastani, akaandika jibu, akafunga daftari. Wanafunzi wawili waliopata alama 10 na 90 wana wastani sawa na wawili waliopata 50 kila mmoja. Je, wanahitaji msaada ule ule?

Nawasihi walimu wafundishe jambo hili kwa mikono. Wanafunzi wachanganye vikombe tisa vya mahindi na kimoja cha maharagwe, wachote kwa kijiko, kisha kwa bakuli, wahesabu na kulinganisha. Wataona kwamba bakuli huficha kinachofichuliwa na kijiko. Zoezi hilo halihitaji maabara.

Miongoni mwao wamo watakaosimamia viwanda vyetu vya dawa na watakaovikagua. Tuwazoeze mapema kuliandika jibu lisilopendeza jinsi lilivyo, na kuuliza limetoka wapi.